Mama Kapika

9 Februari 1992

Mdogo wangu,

Marahaba. Najua umeshaniamkia moyoni kabla ya kufungua bahasha, kwa hiyo nakuitikia mapema. Mimi ni mzima. Mikono imeota sugu za mwiko na macho yamekuwa mekundu kwa moshi, lakini mwili wenyewe hauna neno. Hapa kambini bado wananiita Mama Majani. Wajenzi wa barabara hawa ni nyama kila siku. Nawapikia mimi, na hata mchuzi siuonji, namwita mwenzangu aonje chumvi. Wanadhani nina nadhiri. Nimechoka kuwaeleza kwamba nimezaliwa katika nyumba ambayo nyama haikuingia kwa sababu mama hakuipenda harufu yake, basi, hakuna jingine.

Habari za huko nimezipata. Nimecheka kusikia Chiriku kaitwa kwa mwalimu mkuu kwa kuongea darasani. Msichana huyo siku ya harusi yake atamkatiza hata anayemwozesha. Lakini la Kitumbo kutokula halikunichekesha. Nilimwacha ana mwaka mmoja na mashavu, leo ana mitatu nawe unaniandikia amebaki macho. Alishafiwa na baba, sasa na chakula kimkimbie?

Sikulaumu. Mama alifariki wewe hujajua hata kuwasha jiko, nami nikaolewa kabla sijakufundisha. Basi nitakufundisha kwa barua. Tuanze na dengu. Zichambue kwenye sinia, mchana, maana vijiwe vinafanana nazo. Zioshe mpaka maji yawe safi. Chemsha pamoja na kitunguu kizima kilichomenywa, usikikate. Zikiiva, kitoe, kiponde, kirudishe. Pembeni kaanga nyanya, kitunguu saumu na manjano kidogo mpaka mafuta yajitenge, halafu mimina humo. Chumvi iwe mwisho kabisa. Mtoto mpe na wali laini.

Akikataa, mwambie, "Mama kapika." Mimi nilipokuwa kwa bibi ndivyo nilivyodanganywa, naambiwa mama kapika, kaleta, na nikala. Mtoto hachunguzi mwiko umeshikwa na nani. Atakula, na jina langu litabaki masikioni mwake mpaka nirudi.

Mkataba unaisha mwezi wa sita. Mwezi wa saba nalala kitandani kwangu.

Dada yako


8 Machi 1992

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi tuko salama, ukiacha mafua ya Chiriku, ambayo hayakumpunguzia maneno. Bati lililokuwa linavuja juu ya jiko limezibwa. Kwa dobi kazi ipo. Napiga pasi mashati ya watu mpaka nikifumba macho naona kola.

Dengu za kwanza niliziunguza. Nilitoka kuanika nguo, nikakutana na mama fundi mlango wa pili, unamjua anavyokushika mkono akikusimulia. Nilivyorudi Chiriku akaniuliza, "Tule sufuria au tule zilizomo?" Za pili nilizipika kama ulivyosema, kitunguu kizima na yote. Kitumbo akafunga mdomo kama kawaida yake. Nikamwambia, "Mama kapika." Akanitazama, akatazama jiko, akanitazama tena. Akafungua mdomo. Dada, alimaliza sahani! Nilikaa palepale sakafuni nikalia kama mjinga.

Sasa ndiyo kila siku. Kabla ya kula anauliza mwenyewe, "Mama kapika?" Nasema ndiyo, anakula. Nifundishe kingine, Chiriku ameanza kuzinunia dengu.

Kuna jambo dogo. Yule mwalimu wa hesabu alikuja na kaka yake, na safari hii hakuja kuazima pasi. Nimemwambia sina jibu mpaka dada arudi, siwezi kuolewa nikiwa na watoto wako mgongoni. Kasema mwezi wa saba si mbali, atasubiri. Usimwambie mtu, na usinicheke.

Mdogo wako


12 Aprili 1992

Mdogo wangu,

Nimekucheka, na sitaacha. Mwanamume anaazima pasi kila Jumamosi, na kila Jumatatu shati lake limejikunja vilevile, nawe hukushtuka? Mwambie asubiri. Nimefurahi mpaka nimewatilia wajenzi chumvi mara mbili.

Afya yangu ni njema. Mvua imeikata barabara tunayoijenga wenyewe, kwa hiyo gari la barua lilikwama upande wa pili tukawa tunalitazama tu.

Chiriku mpikie maharage na boga. Maharage yaloweke tangu jana yake, maji ya kulowekea umwage, ya kuchemshia usimwage. Boga likate vipande vikubwa, uliache na ganda lake, ulitie maharage yakishaanza kulainika. Ukiliwahisha litayeyuka, utakuwa umepika uji. Weka tangawizi kidogo, na pilipili nzima juu, isipasuke, itoe harufu tu. Pika kingi, siku ya pili kinakuwa kitamu zaidi nawe unapumzika.

Nina swali. Kitumbo ananitaja? Simaanishi wakati wa kula. Ile picha yangu juu ya kabati, anajua ni ya nani? Niandikie neno lolote alilosema, hata kama halina maana.

Dada yako


31 Mei 1992

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa kujibu. Dobi kapata kazi ya mashuka ya nyumba ya wageni, na shuka halina huruma kama shati, unalipiga pasi upande huu, upande ule unajikunja. Chiriku kawa wa tatu darasani kwake, mwalimu kaandika "angekuwa wa kwanza kama angenyamaza". Paka wa mama fundi kazalia kwenye kikapu chetu cha nguo chafu.

Boga lako lilikuwa uji. Nililiwahisha. Lakini Kitumbo aliupenda uji huohuo, kwa hiyo sasa naliwahisha makusudi. Na mabiringanya nimejifunza mwenyewe, sikufundishwa na mtu: nayachoma juu ya makaa mpaka ganda liwe jeusi, namenya, naponda pamoja na nyanya mbichi, kitunguu na ndimu. Wanagombania sahani. Mashavu ya Kitumbo yamerudi, ukiyabana yanajaa mkono. Akilala ananishika sikio, nikiliondoa anaamka.

Kuhusu ulichouliza, mtoto wa umri ule leo anakumbuka hiki, kesho kile. Usijisumbue. Wewe njoo tu, mwezi wa saba ndio huo.

Mwalimu wa hesabu anakusalimu. Anataka kujua siku yenyewe.

Mdogo wako


28 Juni 1992

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwenu wote, na hongera kwa Chiriku.

Wamenizuia. Mkubwa wa kambi anasema jiko haliwezi kubaki hivi hivi, basi mkataba umesogezwa mpaka mwisho wa mwaka. Ningefanyaje? Aliyeajiriwa hana kauli. Mwambie mwalimu wa hesabu avumilie, kama kweli anajua hesabu ataona miezi yenyewe si mingi.

Wapikie kabichi na karoti. Vikate vyembamba, mafuta yawe ya moto, usifunike sufuria, kabichi likifunikwa linatoa maji na kunuka. Dakika chache tu, libaki na ukakamavu.

Hukunijibu kuhusu picha.

Dada yako


16 Agosti 1992

Nimetafuta salamu za kuanzia, sikuziona.

Barua yangu ya mwezi wa sita hukuijibu. Nilidhani umekasirika kwa ajili ya harusi yako, nikasema mwache, hasira zake zitapoa. Juzi mama fundi kaja kumwona mumewe, anayeendesha greda hapa kambini. Nimemkaribisha jikoni, nimempa chai, nimemuuliza habari za wanangu. Mwanamke yule huongea mpaka chai ipoe, lakini nilipomtaja Kitumbo akaanza kukoroga kikombe kisicho na sukari.

Anasema alimpa Kitumbo kitambaa, akamwambia akiweke vizuri mpaka mama yake arudi, naye atamshonea kaptura. Mtoto akamjibu, "Mama yuko ndani, anapika." Mama fundi akamwambia, huyo ni mama mdogo, mama yako yuko mbali, ndiye yule wa kwenye picha. Mwanangu akamsahihisha! Akasema, "Yule ni mama mkubwa." Chiriku alikuwa amesimama hapohapo. Chiriku, asiyenyamaza hata akiwa na chakula mdomoni, alinyamaza akatazama miguu yake. Mama fundi alipombana, akasema, "Ametukataza."

Ametukataza. Ni wewe huyo?

Nakupikia kwa barua. Nakueleza mpaka kitunguu kisikatwe. Nikisimama mbele ya masufuria haya nawaza saa hizi wanakula, saa hizi ananitaja. Kumbe kila kijiko nilichokufundisha kilikuwa kinanifuta. Mama mkubwa! Mimi niliyemwaga damu leba kumzaa, nimekuwa dada wa mama yake.

Mwizi wa nguo huzianua usiku. Wewe umeanua mtoto mchana, mbele ya dada yake, na mimi nikikushukuru kwa barua. Nimeumia, mdogo wangu. Sina neno jingine la kuliita. Umenisaliti, nami sikuwa na mtu mwingine duniani wa kumwachia wanangu.

Nijibu. Na usinipe habari za paka.


30 Agosti 1992

Dada yangu,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Ni mimi. Aliyosema mama fundi ni kweli yote.

Ulisema mtoto hachunguzi mwiko umeshikwa na nani. Wako alichunguza. Niliposema mama kapika, alitazama nani kapika, na jikoni tulikuwa mimi na sufuria. Siku ya kwanza aliponiita mama nilimsahihisha. Ya pili vilevile. Akatema chakula, akalia mpaka akatapika. Siku iliyofuata nilitoka kupiga pasi nimechoka, akaniita tena, nikaitika. Baada ya hapo, dada, sikutaka tena kumsahihisha. Alipouliza picha ni ya nani, nikasema mama mkubwa. Chiriku nilimkataza kuniita mama mdogo mbele ya mwenzake. Sitaki kusema ilikuwa kwa ajili ya chakula peke yake. Nilipenda kuitwa hivyo. Nilikuwa naliwahi jina lile mlangoni nikitoka kazini.

Lakini mdomo wa mama fundi unakwenda na kurudi. Alivyotoka huko akapitia kwangu, kanipa hongera. "Dada yako sasa ni mkuu wa jiko, ana chumba chake na kufuli lake." Nikamwambia ndiyo, wamemzuia, maskini. Akashangaa. Anasema ulikwenda mwenyewe ofisini kuomba uongezewe, tangu mwezi wa tano, na mumewe alikuwa ukumbini ulipokuwa unashangiliwa.

Hakuna aliyekuzuia. Ulinifundisha kukata kabichi katika barua ileile uliyonidanganyia.

Mwalimu wa hesabu hakungoja. Nilimpelekea habari ya mwisho wa mwaka, akasema ataifikiria, akaifikiria kwa binti wa mwenye duka la vitabu. Nilimpigia pasi suti ya kuposea, maana ililetwa kwa dobi na zamu ilikuwa yangu.

Unasema sikupaswa kukuchukulia mtoto. Sikupaswa. Na wewe ulipaswa kurudi.

Mdogo wako


13 Septemba 1992

Habari ya cheo tuiache. Sitajieleza kwako kuhusu kazi yangu.

Ulikuwa na haki ya kunikasirikia. Ungeniandikia matusi, ungeniambia nisirudi, ungeviuza vyombo vyangu vyote. Lakini mtoto hakuwa wa kuchukuliwa.

Nimeaga kazi. Ninafika nyumbani Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Watoto waache kwa mama fundi asubuhi hiyo pamoja na ufunguo. Nikifika nisikukute.


18 Oktoba 1992

Mdogo wangu,

Anwani yako nimepewa na mama fundi. Kumbe kaka wa dobi ana duka katika mji mwingine, na ndiko ulikokwenda kupiga pasi. Nimefurahi kwamba una pa kulala. Chiriku mzima. Jiko nimelikuta safi, na kwenye mtungi umeacha choroko zilizochambuliwa, nimeziona.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Njia nzima nilijiambia, atalia, atanikimbia, nitamngoja, nitambembeleza. Hakulia hata kidogo. Kaja mbele yangu kaniinamishia kichwa, "Shikamoo mama mkubwa." Nimempikia dengu zangu, zilezile, akala akamaliza, akasema asante, akabeba sahani yake kwa mikono miwili akaipeleka kwenye beseni. Kila siku hivyo. Hatupi chakula, hadeki, haombi kubebwa. Usiku anajifunika mwenyewe. Umemlea vizuri, na ninaona uchungu kuliandika hilo.

Nimemwambia mimi ndiye mama. Nimemwambia kwa upole, nimemwambia na picha mkononi. Anasikiliza mpaka mwisho, kisha anamtazama Chiriku. Chiriku anasema ni kweli, lakini anasema kwa sauti ya mtu aliyekatazwa, mtoto haamini. Halafu jana, tunakula viazi na njegere, kaweka kijiko chini kaniuliza kwa adabu zote, "Mama mkubwa, unaondoka lini?" Hakusema kwa ubaya. Anadhani mimi mgeni, nawe umenipisha kitanda. Anahesabu siku nimalize ugeni wangu, nawe urudi.

Nilitoka nje nikasimama kwenye kamba ya nguo. Sikuwa na nguo ya kuanua.

Sijakusamehe, usije ukaelewa vibaya. Lakini njoo. Kaa naye mbele yangu, umwambie wewe kwa mdomo wako mimi ni nani. Mimi haniamini. Ukimaliza unaweza kuondoka au kukaa, sitakufukuza tena.

Dada yako


8 Novemba 1992

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Duka hili lina pasi ya umeme, haina masizi, lakini inaunguza vidole bila kukuonya. Nimepata chumba nyuma ya duka na dirisha moja.

Siji. Nimeisoma barua yako mpaka imelegea, na kila nikisoma nakwenda kufungasha, halafu nafungua mzigo. Nikija atanishika mguu, nami sitaweza kumbandua. Najijua. Nitasema nimwambie kesho, nimwambie Jumapili, na tutakuwa mama wawili jikoni, mmoja anaitwa na mmoja anajibu. Mwambie wewe. Mwambie tena na tena. Nilivyomwongopea haikuwa siku moja, na ukweli nao hautaingia siku moja.

Bado nimekukasirikia. Nikiiona suti ya bwana harusi hapa dukani naikasirikia na kukukasirikia wewe. Na bado nakosa usingizi kwa sababu hakuna aliyenishika sikio. Yote mawili yapo, sijui yamepangana vipi.

Sasa sikiliza. Huyo mtoto anayekula kila kitu na kushukuru ana njaa. Kwangu hakuwa hivyo, alikuwa anadai. Usimpikie dengu zako, alizichoka mwezi wa nne, anakula kwa heshima yako. Boga analipenda kama uji, usijali ganda. Njegere zimenye ile ngozi ya juu ikiwa zimekomaa, ataikusanya shavuni na hatakuambia. Wali mpoozee kwenye sinia, si kwenye sahani. Biringanya hatakula mpaka alione likiungua, mkalishe karibu ya jiko, mahali anapoona moto, mwache asonye ganda likipasuka. Akikununia, furahi. Akitupa kijiko, usimpige, maana mgeni hatupi kijiko.

Chiriku mwambie nimemruhusu aseme yote. Mwambie hivyo mwenyewe, kwa sauti, ndugu yake asikie.

Kitumbo akiniulizia, mwambie mama mdogo amesafiri. Useme hivyohivyo, mama mdogo. Jina hilo hajalisikia siku nyingi, kwa hiyo usishangae akikuuliza ni nani huyo.

Mdogo wako